Siku Tisa Jina Langu Lilicheza

Mechi ya kwanza ilipangwa kuanza saa mbili asubuhi. Ilianza saa tatu kasoro, kwa sababu nyavu za goli moja zilikuwa zimefungiwa stoo na aliyekaa na ufunguo alikuwa hapokei simu. Sikuwa na haraka. Nilinunua karanga za mia tano, nikapanda kwenye jukwaa lenye kivuli, nikajichagulia mahali. Mbele yangu hapakuwa na mtu, nyuma yangu hapakuwa na mtu. Kulia kwangu alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya pama na redio ndogo ambayo hakuiwasha siku nzima.

Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, hapa Tabora mjini, ni uwanja wa Ligi Kuu. Simba wamecheza hapa, Yanga wamecheza hapa. Novemba 2024 timu ya mji huu, Tabora United, iliwafunga Yanga mabao 3-1 kule Chamazi, na bado ukipanda bodaboda Tabora unaweza kusimuliwa mechi hiyo bao kwa bao kabla hujafika unakokwenda. Lakini Jumamosi hiyo ya Oktoba uwanja ulikuwa wa wanafunzi: bonanza la vyuo vinne, nusu fainali mbili na fainali, vyote siku moja, nusu saa kila kipindi. Majina ya vyuo sitayataja, nitawaita kwa rangi za jezi. Zawadi ya mshindi ilikuwa mbuzi. Alifungwa nyuma ya kibendera cha kona, akitafuna nyasi.

Tulikuwa watu mia tatu hivi, labda mia nne wakijumlishwa wauza barafu. Katika uwanja mkubwa namna ile, watu mia tatu ni kama hawapo. Ila kuna kitu sikukitarajia: kila sauti ilikuwa na mwenyewe. Siku ya Simba, kelele ni bahari, huwezi kusema tone hili ni la nani. Siku hiyo kipa akikohoa tulimsikia. Msichana mmoja alimtukana beki wa kushoto, na beki akageuka akamwangalia yeye hasa, si jukwaa. Nilidhani nimekuja kupumzika.

Niko Tabora kwa utafiti wa shahada ya uzamili. Nasoma historia, na tasnifu yangu inahusu wapagazi, wale vijana wa Kinyamwezi na wengineo waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, na kutoka hapa hadi Bagamoyo ilikuwa miezi miwili au mitatu ya kutembea. Watu wengi, hata wasomi wenzangu, wakisikia "mpagazi" wanaona mnyororo. Minyororo ilikuwepo katika njia hiyo, na Tabora ilikuwa kituo chake kikubwa, hilo halifichiki. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida alikuwa mtu huru aliyelipwa ujira, aliyejua bei yake, aliyeweza kugoma posho ikipunguzwa. Kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa sawasawa kuwa mwanamume. Alikwenda kwa miguu yake na kwa jina lake. Nimeandika sentensi hiyo katika sura ya pili ya tasnifu, na msimamizi wangu akaipigia mstari, akaandika pembeni: "Una uhakika?"

Mechi ya pili ilikuwa ya njano na bluu. Dakika ya tano hivi, namba kumi wa njano alipokea mpira katikati ya uwanja akiwa amelipa goli mgongo. Akaupitisha katikati ya miguu ya mtu bila hata kumtazama, kisha akageuka. Jukwaa lote lilisema "aah" kwa pamoja. Mimi nilisema, kwa sauti, "Huyu namfahamu!"

Nilimfahamu kwa sababu Alhamisi iliyopita alinipeleka Kwihara kwa pikipiki yake. Kwihara ni nje kidogo ya mji. Ndiko iliko tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani, na siku hizi ni makumbusho. Njiani kijana aliniambia mambo mengi, maana mimi huuliza. Ana miaka ishirini na moja. Aliacha shule kidato cha pili baba yake alipofariki. Pikipiki si yake, anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Chuo chochote hajawahi kuingia, isipokuwa kumshusha abiria getini.

"Ni ndugu yako?" mzee aliuliza.

"Hapana, babu. Ni bodaboda."

Mzee alimtazama namba kumi, akanitazama mimi. "Kumbe mamluki," alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Msomaji ambaye hajawahi kucheza michezo ya shule za Tanzania huenda hajui uzito wa neno hili. Kwa asili ni la Kiarabu: mamluki ni mtu anayemilikiwa, mtumwa aliyefanywa askari. Katika vitabu vyetu likawa askari wa kukodiwa. Kwenye viwanja vya shule na vyuo ni mchezaji asiyestahili kuwepo, asiye mwanafunzi wa pale, anayeingizwa kwa jina la mwingine. Kila mwaka kwenye UMISSETA timu hukatiana rufaa kwa ajili yake, na kila mtu analaani umamluki mpaka timu yake ikose mfungaji.

Dakika ya kumi na nane namba kumi alifunga. Mpira ulikuwa wa kona, ukarudishwa, akaupiga kabla haujatua. Kijana wa kipaza sauti, ambaye tangu asubuhi alikuwa akijiona yuko redioni, alitangaza jina la mfungaji kutoka kwenye orodha. Hapo nikaona jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Safu mbili chini yetu, kando ya benchi la njano, alikaa kijana aliyevaa kizibao cha mazoezi juu ya tisheti ya kawaida. Jina lilipotajwa, wenzake watatu waligeuka wakamtazama yeye, wakaangua kicheko. Mmoja alimpiga bega. Naye akanyanyua mkono, kama mfungaji anavyowapungia mashabiki, akaushusha haraka.

Jina lilikuwa lake.

Nilikuwa kidato cha tatu, katika mkoa mwingine kabisa. Nilikuwa mfungaji wa akiba wa netiboli. Si mbaya, si mzuri; mkono wangu ulikuwa sawa tukicheza nyumbani na ulitetemeka tukienda ugenini. Mwaka huo mfungaji wetu wa kwanza aliugua, na ikawa zamu yangu kwenda mashindano ya mkoa. Mama alinishonea sketi. Siku mbili kabla ya safari mwalimu wa michezo aliniita nyuma ya ofisi, akaniambia kwa upole sana kwamba jina langu litakwenda, lakini mimi nibaki. Nisionekane shuleni siku hizo tisa, kwa kuwa kwenye daftari la mahudhurio niko mashindanoni.

Aliyekwenda kwa jina langu alikuwa amenitangulia darasa moja. Alikuwa hakosi. Alikuwa pia amefukuzwa shule mwaka uliotangulia, kwa sababu alipata mimba. Enzi hizo hapakuwa na mjadala. Msichana aliyebeba mimba alitoka getini na begi lake na hakurudi katika shule ya serikali; amri ya kuwaruhusu warudi ilitolewa Novemba 2021, na kwake yeye hiyo ilikuwa amechelewa kwa miaka mingi. Alikuwa na mtoto wa miezi saba, akiuza mboga na shangazi yake. Mwalimu alimfuata sokoni. Mtoto akabaki na shangazi. Yeye akavaa sketi aliyonishonea mama.

Siku tisa nilikaa nyumbani nikipukuchua mahindi. Mama aliuliza mara moja tu, nikamjibu kwamba nafasi zilipungua. Nililia, siwezi kusema sikulia, ila sikulia sana. Timu ilirudi na kombe la nafasi ya pili, na jina langu likarudi na cheti cha mfungaji bora. Mwalimu alinikabidhi mbele ya shule nzima, watu wakapiga makofi. Waliojua walipiga makofi kwa nguvu zaidi.

Cheti hicho ninacho. Na hapa ndipo naona aibu: nimekitumia. Fomu ya ufadhili wa masomo ya uzamili iliuliza juu ya shughuli nje ya darasa, nikaambatisha nakala. Sijui kilisaidia kiasi gani. Ninachojua ni kwamba ufadhili niliupata, na fedha hizo ndizo zilizonileta Tabora, zikanilipia pikipiki ya kwenda Kwihara, zikaninunulia karanga.

Mapumziko ya mechi ile ya pili, mtu mmoja wa kamati ya timu ya bluu alipanda jukwaani. Hakuwa na hasira, alikuwa na karatasi. Alipita safu kwa safu akiuliza, "Samahani, kuna anayemfahamu namba kumi wa njano? Anasoma kozi gani?" Vijana wa njano walimjibu kwa utani. Mmoja alimwambia anasoma udaktari wa mbuzi. Alipofika kwetu alisema, "Shikamoo mzee. Dada, wewe je?"

Kwenye uwanja uliojaa ningeweza kujifanya sikusikia. Hapa hata ukimya wangu ulisikika.

Nikasema, "Mimi si mwenyeji." Maneno hayo yalikuwa ya kweli, ndiyo maana niliyachagua.

Alipoondoka mzee alikaa kimya muda, kisha akauliza, "Binti, umenyamaza kwa ajili yake au kwa ajili yako?"

Nikamsimulia. Sijui kwa nini, mtu wa kumjua saa tatu tu. Labda kwa sababu hatungeonana tena. Nilimsimulia mpaka cheti. Alisikiliza huku akiangalia uwanja, na bluu walipogonga mwamba hakushtuka.

Alikuwa mtu wa Reli, amestaafu. "Sisi Reli," alisema, "tukimtaka mchezaji tulimpa kazi kwanza. Anaandikwa. Hata kama kazi yenyewe ni kufagia stesheni, mshahara unatoka kwa jina lake. Akifunga, kafunga yeye. Kuazima miguu si dhambi, mwanangu. Watu wote wanaazimana miguu. Tatizo mmeazima miguu mkaacha mtu."

Nilimbishia. Nilisema yule dada asingeweza kucheza kwa jina lake, sheria ilikuwa imelifuta. Uongo wetu ndio mlango pekee uliokuwa wazi. Siku tisa alilala bwenini na wasichana wenzake, akapanga foleni ya chai, akaimba kwenye basi. Nani mwingine alimpa hilo? Kama kila mtu angesema kweli, angebaki sokoni.

"Na wewe ungecheza," mzee alisema.

"Ningecheza vibaya."

"Ungecheza vibaya kwa jina lako. Hiyo nayo ni haki ya mtu."

Njia hii ya misafara ina uongo wake mashuhuri, na nilimtajia nikidhani utanisaidia. Livingstone alipofariki mwaka 1873, kusini huko ambako leo ni Zambia, Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo. Walipita hapa Unyanyembe. Mzungu mwenzake, Verney Lovett Cameron, alikuwa hapa Oktoba mwaka huo, akawashauri wamzike hapahapa, wakakataa. Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite. Basi wakatengeneza maiti ya uongo: mabua ya mtama yaliyofungwa kwa nguo kwa urefu wa mtu. Wakawatuma wenzao warudi nayo kana kwamba wanakwenda kuizika Unyanyembe. Hao wakaitupa porini. Mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la bidhaa, ukapita. Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey, London. Hakuna anayewaita wale watu waongo. Jumuiya ya Kijiografia ya huko ilitengeneza medali za fedha zenye jina la kila mmoja aliyebeba.

Mzee alicheka. "Sasa robota lilichukua nafasi ya nani?"

Sikuwa na jibu, na bado sina zuri. Naona alikuwa na haki kwa kiasi fulani. Robota la Kasekera halikumwacha mtu benchini. Lakini naona pia kwamba swali lake lilinigeuzia macho upande mmoja tu. Tangu utoto, kila nilipokumbuka siku zile tisa, nilijihesabu mimi ndiye niliyeibiwa, halafu nikajisifu kidogo kwa kusamehe. Kumbe hesabu ina upande mwingine. Mabao yalikuwa yake yote. Nani alimwibia nani? Mimi nilipoteza safari, yeye alipoteza kila kitu kilichotokana na safari. Hata watu wa Chuma na Susi majina yao yaliandikwa kwenye fedha.

Nilikutana naye tena miaka miwili iliyopita, nilipokwenda nyumbani. Ana duka la mbolea sasa, mtoto yuko shule ya msingi. Tulisalimiana vizuri. Akiwa anafunga mzigo wa mteja aliniuliza, bila kuinua kichwa, "Kile cheti changu bado unacho?" Alisema "changu". Nikamjibu kipo nyumbani kwenye kabati. Nilikuwa nimeshakitumia kwenye fomu miezi mitatu kabla.

Njano walishinda 1-0. Filimbi ilipolia, nahodha wa bluu alikaa chini kwenye duara la kati, akavua kiatu kimoja, akabaki hivyo. Ningependa kuandika kwamba sikumwona. Timu yao ilikuwa na wanafunzi watupu, walijua hivyo, na mimi nilijua kilichowatoa. Walipanda basi dogo kabla ya fainali kuanza. Yule mtu wa karatasi alikuwa wa mwisho, akawapa mkono waamuzi wote. Sina maneno ya kuupamba ukimya wangu mbele ya watu wale. Nilimlinda mtu mmoja kwa mali ya watu kumi na mmoja.

Ungekuwa wewe, ungesema? Nimewauliza rafiki zangu wa chuo. Wengi wanajibu haraka, na wanaojibu haraka sijui kama niwaamini. Mmoja anayesoma falsafa alisema mchezo ni ahadi, na anayeingia uwanjani kwa jina la uongo amevunja ahadi kwa wote hata akicheza kama malaika. Ni kweli. Lakini mchezo ule uliahidiwa kwa nani? Kijana wa Tabora aliyeacha shule kidato cha pili hana bonanza lake. Nyasi zile za Ligi Kuu, anakopita kila siku akiwa na abiria, angezikanyaga kwa mlango gani? Hili haliwi ruhusa. Naliandika kwa sababu lawama yetu huanzia kwake, aliyekodiwa, na haifiki kwa aliyeandika orodha.

Fainali ilikuwa mbovu, jua la Oktoba lilikuwa limewamaliza. Njano walipoteza kwa penalti. Namba kumi alipiga ya kwanza, akafunga. Kipaza sauti kikataja jina lilelile, na safari hii hakuna aliyegeuka kumtazama kijana wa kizibao. Mbuzi akapelekwa kwa wekundu, akilalamika.

Mzee alipokuwa anasimama nilimshika mkono kumsaidia kushuka ngazi. "Lirudishe hilo karatasi," alisema. Sikujua alimaanisha nimrudishie nani: mfadhili, mwalimu, au yule dada. Nilitaka kumuuliza, lakini tayari alikuwa anataniana na muuza barafu, Mzaramo, akimwambia kwamba babu zake ndio waliowafundisha Wazaramo kutembea, na muuza barafu anamjibu kwamba babu zao walikuja pwani bila nauli ya kurudia. Utani huo umri wake ni wa njia yenyewe.

Nje ya geti niliita pikipiki, na wa kwanza kufika alikuwa yeye, ameshabadilisha nguo, nywele zimelowa.

"Dada wa Kwihara! Uliniona?"

"Nilikuona. Lile la kona lilikuwa bao."

"Walinipa elfu kumi na tano na chipsi kuku," alisema. "Tajiri leo hesabu yake ipo." Tukaenda kidogo. "Walipotangaza, nilisikia wanamshangilia mtu mwingine. Nikasema aah, huyu jamaa ana bahati."

Nilimuuliza kama alikuwa anamjua yule mwenye jina. Alisema ndiyo, ndiye aliyemwazima viatu, namba zao za mguu zinalingana. Kwamba alimwambia asivikanyagishe visigino.

Nilipokuwa nashuka nilimwambia jina langu kamili, yote matatu, kisha nikamuuliza lake. Alinitajia. Nimeliandika kwenye daftari la utafiti na sitaliandika hapa, bado wanaweza kukata rufaa. Akanirudishia chenji, akauliza kama Jumatatu nitakwenda tena Kwihara. Nilimwambia ndiyo, saa mbili, na asichelewe.